Watiaji Rangi, Wapika Bia na Kipimo cha Asidi

Mwanafunzi wa sekondari hukutana na asidi na alkali kupitia vijikaratasi viwili vya litmasi. Cha bluu kikigeuka chekundu, ni asidi. Chekundu kikigeuka bluu, ni alkali. Hukariri, hupata alama zake, mambo yakaishia hapo. Naona ni hasara, kwani nyuma ya vijikaratasi hivyo kuna mkojo, bia na limau, mambo ambayo mtoto wa miaka kumi na minne hayasahau.

Kwa karne nyingi kipimo kilikuwa ulimi na vidole. Siki ni kali mdomoni. Maji ya majivu huteleza mkononi na kuondoa mafuta. Lakini si kila kimiminika ni cha kuonja. Mwaka 1664 Robert Boyle, mzaliwa wa Ireland, alichapisha huko Uingereza kitabu kuhusu rangi. Alieleza kwamba sharubati ya maua ya vayoleti hugeuka nyekundu ikitiwa asidi, na kijani ikitiwa alkali. Watiaji rangi walikwisha kuona mambo ya namna hiyo. Boyle ndiye aliyeyafanya kuwa kanuni ya kupangia vitu: kisichobadilisha rangi ile hakimo kundi hili wala lile. (Mwalimu asiye na vayoleti achemshe rozela, kisha atie magadi kidogo kidogo, wekundu utatoweka mbele ya macho ya darasa.)

Litmasi nayo hutokana na likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja wakishikilia majabali na magome ya miti. Waholanzi waliifanya biashara. Walisaga likeni, wakaichanganya na mkojo uliochacha, chokaa na potashi, wakaiacha kwa majuma kadhaa. Amonia ya mkojo ilifanya kazi yake polepole: uji ule ukawa mwekundu, kisha wa zambarau, mwishowe bluu. Kabla yao, ukoo wa Rucellai wa Florence ulikuwa umetajirika kwa rangi ya nguo iliyotolewa kwenye likeni za jamii hiyo hiyo.

Pwani yetu pia imo katika habari hii. Katika karne ya 19 likeni za rangi zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Zanzibar, pamoja na karafuu, pembe za ndovu na sandarusi. Soko kubwa la likeni hizo lilikuwa watiaji rangi wa Ulaya. Baada ya mkemia William Perkin kupata rangi ya kutengenezwa maabara mwaka 1856, rangi za namna hiyo ziliongezeka na biashara ya likeni ikafifia.

Tukirudi kwenye asidi, kugeuka kwa rangi kulikuwa kumejulikana, sababu yake bado. Mkemia Lavoisier aliamini kila asidi ina oksijeni. Mkemia mwingine, Humphry Davy, akaonyesha kuwa asidi hidrokloriki haina. Mwaka 1884 Svante Arrhenius wa Sweden aliandika tasnifu kuhusu ayoni, msingi wa kuielewa asidi kuwa kitu kinachoachia ayoni za hidrojeni majini. Watahini walimpa alama za chini. Mwaka 1903 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Zilibaki namba, na hizo zilitoka kwa wapika bia. Kiwanda cha Carlsberg, Copenhagen, kilikuwa na maabara yake tangu 1875. Humo mkemia S. P. L. Sørensen alichunguza vimeng'enya, akaona utendaji wake hutegemea sana wingi wa ayoni za hidrojeni. Namba za wingi huo zilikuwa ndogo mno kuandikika kwa urahisi, hivyo mwaka 1909 akaleta kipimo cha pH. Kila hatua moja ni mara kumi: kitu cha pH 2 kina ayoni hizo mara mia kuliko cha pH 4. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na mwalimu asipite haraka.

Halafu litmasi ikashindwa na limau. Huko California, mkemia Glen Joseph alitaka kupima ukali wa maji ya limau yaliyohifadhiwa kwa dioksidi ya salfa, gesi inayofifisha rangi. Karatasi ikawa haisomeki. Mwaka 1934 alimwendea Arnold Beckman, aliyesoma naye chuoni. Beckman akamuundia kifaa cha umeme kisichohitaji rangi kabisa. Mwaka uliofuata kilikuwa sokoni kwa dola 195.