Tarehe ya Datsun na Warithi Wake Hadi Mwisho wa Reli

Kabla gari halijafika Ujiji, mzigo ulifika mabegani mwa watu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea kwa miezi kufika ziwani, wapagazi wake wengi wakiwa Wanyamwezi, ikileta nguo, shanga na waya, ikirudi na pembe za ndovu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, ikainyang'anya Ujiji biashara yake na kumpa jirani mwenye ghuba ya kina. Tangu siku hiyo kila mashine iliyoletwa katika mwambao huu imekutana na swali moja: ikiharibika hapa, kiasi cha kilomita 1,250 kwa reli kutoka bandarini, nani ataitengeneza na kwa spea gani? Tarehe hii ni ya gari dogo la Kijapani, hasa Datsun na walioirithi. Hoja yangu ni kwamba gari hilo liliwateka watu wa Afrika Mashariki kwa sababu lilikusanya pamoja sifa mbili ambazo kampuni nyingine ziliziuza mbalimbali, yaani mbio na unafuu. Sifa hizo zilikaa pamoja kwa kuwa zilitoka kwenye chimbuko moja: gari jepesi, lenye ufundi usio na mafumbo. Ukingo wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo gari la maringo matupu halina maisha marefu, unatufaa sana kuipimia hoja hiyo.

Udogo wa Datsun ulianza na sheria. Mwaka 1914, mwaka uleule garimoshi lilipofika Kigoma, mhandisi Masujiro Hashimoto alitoa huko Tokyo gari lililoitwa DAT, kutokana na herufi za kwanza za majina ya wafadhili wake watatu, Den, Aoyama na Takeuchi. Mwaka 1930 serikali ya Japani iliruhusu magari yenye injini isiyozidi cc 500 yaendeshwe bila leseni. Kampuni ikaunda gari la kimo hicho, likaitwa Datson mwaka 1931 na Datsun mwaka uliofuata, na baadaye Nissan ya Yoshisuke Aikawa, iliyoanzishwa 1933, ikalichukua. Baada ya vita kampuni ilihitaji ushahidi wa kuwaonyesha wageni waliovicheka vyuma vya Kijapani. Mwaka 1958 Yutaka Katayama alipeleka Datsun 210 mbili kwenye mashindano ya kuizunguka Australia, mwendo wa kilomita 16,000 hivi, na moja yao ikashinda daraja lake. Katayama huyohuyo, alipohamishiwa Marekani, aliishikilia kampuni iuze gari la spoti ambalo mfanyakazi wa kawaida angelimudu. Matunda yake yalikuwa Datsun 240Z, iliyotoka mwaka 1969 na kuuzwa Marekani kwa dola 3,526, chini kabisa ya bei ya Jaguar E-Type. Iliyotangulia kidogo, mwaka 1967, ilikuwa Bluebird mpya, ambayo katika nchi nyingi za nje ilijulikana kama Datsun 1600: sedani ya familia yenye injini ya cc 1,595 na springi zinazojitegemea kila gurudumu, mpangilio ambao sedani nyingi za bei hiyo hazikuwa nao.

Gari hilo lilipoingia Afrika Mashariki, mizani ya kulipima ilikuwa tayari. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara zilezile ambazo malori ya pamba na mabasi ya mikoani yalipita. Wanunuzi waliyasoma matokeo yake kama mwongozo wa duka. Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ikashinda 1963, na tena 1966 hadi 1968, ambapo ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell. Ukali wa mizani hiyo unaonekana katika hesabu: mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 vilevile. Nissan ilijaribu mara ya kwanza mwaka huo wa 1963, na matope yakaitoa. Iliendelea kurudi, ikachunguza kilichovunjika, na kufikia 1966 Bluebird ilikuwa inashinda daraja lake.

Kisha ukaja mlolongo ambao haukuwahi kuonekana. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Joginder Singh kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1971 Herrmann alishinda tena, mara hii kwa 240Z, akifuatwa na Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda. Mwaka 1973, baada ya familia za Wahindi kufukuzwa na Idi Amin, Mehta aliibuka mshindi kwa 240Z. Alilingana pointi za adhabu na Harry Källström wa Datsun nyingine, akapewa ushindi kwa sababu alikaa muda mrefu zaidi bila adhabu. Halafu, kuanzia 1979 hadi 1982, Mehta na Mike Doughty walishinda mara nne mfululizo kwa Datsun Violet, gari ambalo kwa sura lisingemgeuza mtu shingo barabarani. Ushindi wake wa mara tano bado ndio rekodi ya Safari. Katika mlolongo huo 240Z, gari la spoti halisi, ilishinda mara mbili. Sedani za familia zilishinda mara tano.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba gari la mashindano si gari la dukani. Ni kweli: timu ya kiwanda ilikuja na mafundi wake, shokapu za kuagizwa na injini zilizochongwa upya, mambo ambayo mwalimu au karani aliyenunua Datsun kwa mkopo hakuyapata. Lakini kanuni za mashindano zililazimisha bodi, umbo la injini na mpangilio wa ekseli vitoke kwenye gari lililokwisha kuuzwa kwa umma, na hivyo ndivyo vilivyopasuka au kustahimili kwenye makorongo. Injini yenye nguvu haikuwa ngeni. Wageni kutoka Ulaya walikuja nayo mwaka baada ya mwaka, na hadi 1972, Hannu Mikkola alipoondoka Dar es Salaam kwa Ford Escort na kushinda, hakuna aliyewahi kuwashinda wenyeji. Waliokuwa wanashinda ni wakazi wa hapa, wakiendesha magari ambayo jirani zao waliyafahamu. Mnunuzi alilijua pengo lililokuwepo, na alichokitafuta katika matokeo hayo ni hakika kwamba mifupa ya gari ni mizima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa watu wa ziwani: Safari ilizunguka mbali na Kigoma, na kufikia wakati wa ushindi wa mwisho wa Mehta mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu 1977. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Iweje basi sifa iliyopatikana Nairobi iwe na uzito Mwanga, hapa mjini Kigoma, au Ujiji? Redio na magazeti yalieneza majina, hilo halina ubishi, lakini jina peke yake halipandi mlima. Kutoka ziwani, kwenye kimo cha mita 770 hivi, barabara za Kasulu na Manyovu hupanda hadi nyanda zinazopita mita 1,200, na kwa miongo mingi zilikuwa za udongo mwekundu unaoteleza kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwenye mteremko wa namna hiyo gari zito lenye injini kubwa huzama kwa uzito wake, na gari jepesi lisukumwalo na watu wanne hutoka. Wepesi uleule ulioipa Datsun mbio katika mashindano ndio ulioifaa huku kwenye matope. Nairobi ilitoa habari. Vilima hivi vya Uha vilitoa hukumu yake vyenyewe.

Kuna pia ushahidi mwingine wa Kigoma wa namna mashine inavyothaminiwa. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927, kisha ikabadilishiwa mitambo ya mvuke kwa dizeli katika miaka ya 1970. Mji unaoishi na chombo kama hicho unajua kwamba umri wa chuma unategemea mkono wa fundi. Datsun za miaka ya 1970, hasa 1200 na 120Y zenye injini ya cc 1,171, ziliingia vizuri katika mtazamo huo: kabureta moja, plagi nne, magurudumu ya nyuma yakizungushwa na shafti ambayo fundi huiona akilala chini ya gari. Unafuu ulioanza kwenye bei ya kununua uliendelea gereji.

Mtu atasema kwamba watu hawakuchagua lolote, walichukua kilichokuwepo. Baada ya Azimio la Arusha na uhaba wa fedha za kigeni, uagizaji wa magari uliwekwa chini ya Shirika la Magari la taifa, mafuta yakapanda mwaka 1973 na tena 1979, na ikafika mahali magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Katika hali hiyo, hoja ya mvuto wa gari inaonekana kama anasa. Naikubali nusu ya pingamizi hili. Uhaba ulimnyima mtu nafasi ya kuchagua dukani, lakini ulimpa uchaguzi mwingine mkali zaidi: gari lipi litengenezwe mara ya kumi na lipi liachwe liote nyasi. Magari ya Kiingereza ya bei rahisi yalikuwepo kabla ya Datsun na yalikuwa mengi, nayo yakatoweka barabarani. Kama unafuu wa bei ungetosha, yangebaki.

Mizani hiyohiyo haikuihurumia Datsun yenyewe. Mwaka 1981 Nissan ilitangaza kuliacha jina hilo, na kufikia 1986 lilikuwa limekwisha sokoni. Lilifufuliwa miaka ya 2010 kwa India, Indonesia na masoko mengine machache, likazikwa tena 2022. Toyota ilichukua nafasi hiyo kwa njia ileile. Celica ilishinda Safari mwaka 1984 hadi 1986, ikashinda 1990, na tena kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995, huku Corolla na Carina zikijaza mitaa. Kwa upande wa Tanzania, mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, na mlango huo ukapanuka hadi magari yaliyotumika Japani yakawa ndiyo magari ya nchi. Sheria za nchi mbili zilikutana hapo bila kupangwa. Japani hukagua gari likifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, kwa gharama inayowafanya wengi wauze mapema. Na huko, kama hapa, dereva hukaa kulia. Tanzania nayo hutoza ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa cc 1,001 hadi 2,000, asilimia 10 kwa zaidi ya hapo, na nyongeza kwa gari lililozeeka. Kimo ambacho sheria ya Japani ilikilea tangu 1930 ndicho ambacho forodha ya Dar es Salaam inakipendelea.

Mrithi wa mwisho katika tarehe hii hana hata chembe ya urembo. Toyota Probox, iliyotoka 2002 kama gari la kazi la makampuni ya Japani, kwa injini ya cc 1,300 au 1,500, imekuwa mchomoko wa abiria katika mikoa ya ziwa na magharibi. Sifa walizoipendea Datsun 1600, Probox inazo: uzito mdogo, injini inayoitika, spea zinazopatikana kwenye kila duka. Hapa linakuja pingamizi ambalo silipingi. Wepesi unaomfikisha mtu haraka humshawishi dereva kupita kiasi, na gari la watu watano likijazwa tisa hubadilika kuwa hatari ambayo hakuna mhandisi aliyeipigia hesabu. Sifa za gari haziwezi kuwa kinga ya mwendeshaji, na mamlaka za usafiri zina haki ya kulibana. Kinachobaki ni kwamba kosa hilo ni la namna linavyotumiwa, na hesabu yake lazima idaiwe kwa aliyejaza abiria.

Mazingira yaliyoizaa hoja yangu yanabadilika. Daraja la Malagarasi, lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, limevuka mto uliokuwa ukiikata Kigoma na Tabora. Lami imepanda hadi Manyovu. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Barabara ikiwa nzuri, ustahimilivu wa matope hautakuwa tena kigezo cha kwanza, na gari litakwama zaidi kwa kihisio kilichokufa kuliko kwa springi iliyovunjika. Wapo watakaosema kwamba hapo ndipo tarehe ya gari dogo la Kijapani inapofungwa. Naona vingine. Umbali kutoka bandarini haupunguzwi na lami. Kinachopunguzwa ni muda wake tu, na spea ya kielektroniki inayoagizwa kutoka mbali ni ghali kuliko kabureta iliyokuwa inasafishwa kwa petroli na mswaki. Kampuni itakayouza gari la mbio na nafuu katika mwambao huu kwa miaka ijayo ni ile itakayompa fundi wa Mwanga kifaa, maelezo na vipuri vya kuliingia gari lake. Datsun ilifanya hivyo bila kukusudia, kwa sababu teknolojia ya wakati wake haikuwa na siri; warithi wake watalazimika kukusudia.