Ukumbusho wa Mzamiaji

Mwezi wa Januari, mwaka wa 2001, Bibi Mia Tegner alifariki alipokuwa akipiga mbizi karibu na San Diego, mji wa jimbo la California huko Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 53, na tangu ujana wake alikuwa mtaalamu wa Chuo cha Scripps, ambacho kazi yake ni elimu ya bahari. Hakujengewa sanamu. Chama kilichoitwa Marine Conservation Biology Institute kilianzisha ruzuku za utafiti kwa jina lake, na shabaha ya ruzuku hizo haikuwa ya kawaida: zilikusudiwa wataalamu waliotaka kujua bahari ilikuwaje zamani, kabla mkono wa mwanadamu haujaipunguza.

Huenda ukauliza, msomaji, habari za kale zamfaa nini mtu atakaye kuhifadhi viumbe wa leo? Jibu limo katika kazi ya bibi huyu mwenyewe.

Alianza na mambo madogo sana. Mwaka wa 1973, yeye na mwalimu wake David Epel walionyesha kwa darubini ya elektroni jinsi mbegu ya kiume inavyokutana na yai la yule mnyama wa baharini wa mviringo, mwenye miiba, amchomaye mvuvi akimkanyaga mwambani. Baadaye alishuka majini akauchunguza msitu wa Point Loma. Nasema msitu kwa haki, kwani mwani wa huko hushika miamba ya chini ukapanda mpaka juu ya maji, na hali ikiwa njema huweza kurefuka kiasi cha nusu mita kwa siku moja. Ndani yake huishi samaki, kambakoche, na konokono wakubwa waitwao abaloni, ambao nyama yao hupendwa mno.

Aina mojawapo, abaloni mweupe, hukaa chini kuliko wenzake wote wa California, aghalabu katika kina cha mita 25 hadi 60. Kina hicho kilikuwa ngome yake. Lakini wavuvi walipokwisha kuwapunguza wale wa maji machache, walimfuata huko huko. Mwaka wa 1972 zilivuliwa tani kama 65. Kabla ya muongo ule kwisha, mavuno yalikuwa si kitu. Uvuvi wake ulipigwa marufuku mwaka wa 1996.

Marufuku ilichelewa, na sababu yake ni hii. Abaloni dume hutoa mbegu majini, na jike hutoa mayai yake vile vile, vikakutane vyenyewe. Wakitengana zaidi ya mita chache, mbegu hupotea bure. Kwa hiyo waliosalia, ingawa waliweza kuishi miaka 35 au 40, walikuwa kama wajane na wagane, wakizeeka kila mmoja juu ya mwamba wake. Bibi Tegner alikuwa miongoni mwa waliotangaza, mwaka ule ule wa 1996, kwamba kiumbe huyu yu karibu kutoweka. Mwezi wa Mei, 2001, miezi minne baada ya kifo chake, serikali ya Marekani ilimwandika abaloni mweupe katika orodha ya viumbe walio hatarini, naye akawa wa kwanza humo miongoni mwa wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo.

Lakini liko jambo zito zaidi. Mwaka wa 1998, yeye na Paul Dayton, pamoja na wenzao, waliandika kwamba msitu ule walioupima miaka mingi ulikwisha kupungukiwa na wakazi wake wakubwa kabla mtaalamu yeyote hajazamia humo. Fisi-maji wa baharini waliwindwa kwa ajili ya manyoya yao tangu karne zilizopita. Samaki wakubwa nao walivuliwa. Daniel Pauly alikuwa amekwisha kuonya, mwaka wa 1995, kwamba kila kizazi cha wataalamu hudhani bahari waliyoikuta ujanani mwao ndiyo bahari kamili.

Basi shahidi atatoka wapi? Atatoka katika hesabu za wavuvi, shajara za mabaharia, mifupa ya majalalani, na picha. Kazi ya namna hiyo haipati mfadhili kwa urahisi, maana wenye fedha hupenda kuulizia mavuno ya mwakani. Tazama lakini faida yake. Mtaalamu Loren McClenachan alikusanya picha za watalii waliovua samaki Key West, katika jimbo la Florida, wakapigwa picha gatini pamoja na mawindo yao. Mwaka wa 1956 samaki mmoja alikuwa na uzito wa karibu kilo 20 kwa wastani. Mwaka wa 2007, kilo 2.3. Watalii wa picha za mwisho wanatabasamu kama wale wa kwanza, na nauli ya safari zile haikupungua.