Kete Haifi: Bahati na Kifo katika Michezo ya Ubaoni

Bao, mchezo unaochezwa barazani Ujiji, Mwanga na kwingineko mjini Kigoma kama unavyochezwa Zanzibar na Lamu, una mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane manane, na kete 64 ambazo kwa desturi ni komwe, yaani mbegu ngumu za rangi ya kijivu. Na katika mchezo huo wote hakuna hata hatua moja ambamo bahati inapewa nafasi. Kila mchezaji ana kete 32, kumi zikiwa zimetangulia ubaoni, sita kati ya hizo katika shimo liitwalo nyumba, nazo 22 zilizosalia huziingiza moja moja kutoka mkononi katika awamu iitwayo namua, mpaka zote zimalizike na awamu ya pili, yaani mtaji, ianze. Anayeshindwa hana wa kumlaumu, kwa kuwa kila kilichompata kilikuwa wazi mbele ya macho yake tangu mwanzo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kete ikiliwa haitupwi nje ya ubao, bali huchukuliwa na kusambazwa tena kuanzia kichwani, ambalo ni shimo la mwisho wa safu ya mbele, upande wa yule aliyeila, na tangu hapo humtumikia bwana mpya, pengine dhidi ya kete zilizokuwa jirani zake muda mfupi uliopita. Jamaa wa karibu wa bao, igisoro ya Rwanda na omweso ya Uganda, nazo zina mashimo 32 na kete 64, na kete zinazoliwa humo hurudi vilevile kuchezwa. Katika ukoo huu wa michezo, basi, kuna kutekwa lakini hakuna kufa.

Hii haimaanishi kwamba Waswahili hawakuijua bahati. Neno bao lenyewe lina maana nyingine, kwa kuwa kupiga bao ni pia kupiga ramli, elimu ya kubashiri iliyopewa jina kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga, ambamo mpigaji huchora nukta bila kuzihesabu, kisha hutazama kama ni witiri au shufwa ili apate mojawapo ya maumbo 16 yanayosomwa. Nasibu ilikuwa na kazi yake huko, katika kuuliza mambo ya ghaibu, na mchezo ukaachiwa akili. Dado, kwa jina lake la Kireno, ilikuja kutoka nje. Na ludo, iliyosajiliwa Uingereza mwaka 1896 ikiwa imetokana na pachisi ya India, iliwazoesha watu wengi kuona kete ikiuawa kwa sababu tu dado imeangukia namba fulani.

Huko Prussia, mwaka 1824, ofisa kijana aitwaye von Reisswitz aliukamilisha mchezo wa vita ulioanzishwa na baba yake, na akaitumia dado kuamua ni askari wangapi wameanguka, kwa hoja kwamba vita halisi havimtii jemadari katika kila jambo. Hoja hiyo ina nguvu, na historia ya Ziwa Tanganyika inaipima. Tarehe 26 Desemba 1915, boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoburutwa msituni Kongo hadi ziwani, ziliiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Ikapewa jina la Fifi, ikaingizwa upande wa walioiteka, na tarehe 9 Februari 1916 ikaizamisha Hedwig von Wissmann, meli iliyokuwa mwenzake. Mcheza bao angeitambua mara moja hatua hiyo.

Kutoka katika michezo ya vita ya aina ile ndipo ulipozaliwa Marekani, mwaka 1974, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uitwao Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji hubeba nafsi ya mhusika mmoja wa kubuni, msimamizi husimulia yanayomkabili, na dado huamua kama pigo limempata. Wachezaji wa Arneson walichukizwa kuona mhusika waliyemlea kwa muda mrefu akifa kwa mrusho mmoja. Naye akaazima kutoka kanuni za michezo ya vita vya majini hesabu ya uhai, ambayo humpunguzia mhusika nguvu kidogo kidogo, kama meli inavyostahimili mizinga kabla ya kuzama. Marekebisho hayo yalikuwa ya haki, kwa sababu kifo kisichotokana na kosa lolote la mchezaji hakimfundishi kitu. Lakini bao, bila dado na bila kaburi, lilikwisha kulikwepa tatizo hilo zamani.

Ipo kete moja ya ziwa hili ambayo bado haijatajwa. Meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg na kuunganishwa upya Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa mafuta mazito kwa makusudi ili isiharibike majini. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza tena safari zake, ikiitwa Liemba.