Kifungu Kilichotoka London

Mwaka 1885 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya makosa ya kujamiiana iliyokusudiwa kuwalinda wanawake na wasichana, na ndani yake likapachika kifungu kidogo. Mwanamume atakayemwingilia mwanamke punguani au zuzu, katika mazingira yasiyofikia ubakaji lakini yanayothibitisha kwamba aliijua hali yake, angefungwa hadi miaka miwili. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanganyika zilipoandikwa mwaka 1930, maneno hayo mawili yalihamishwa kwa Kiingereza kama yalivyo; kilichobadilika zaidi ni adhabu, iliyopanda hadi miaka 14. Hicho ndicho kifungu cha 146 cha Kenya na cha 137 cha Tanzania, na Uganda ilikuwa nacho kikiitwa cha 130. Wanaotaka maneno hayo yafutwe husema yanadhalilisha, na ni kweli. Lakini hoja hiyo haitoshi. Maneno hayo ndiyo yaliyolibeba kosa lenyewe, kwa hiyo anayeyaondoa hana budi kuamua upya ni kitu gani hasa sheria inakiadhibu.

Tuwatendee haki waandishi wa kifungu hicho: enzi hizo maneno hayo yalikuwa istilahi za madaktari na mawakili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1913 iliwagawa watu katika madaraja manne, la chini kabisa likiwa la wasioweza kujikinga na hatari za kawaida, linalofuata la wasioweza kuendesha mambo yao wenyewe. Wapimaji wa akili wakatia na namba: huyu ana akili ya mtoto asiyefika miaka 3, yule ya mtoto wa miaka 3 hadi 7. Upimaji huo haukuishia kwenye makaratasi. Mwaka 1927, katika kesi ya Buck v. Bell, Mahakama ya Juu ya Marekani ilihalalisha mwanamke kufungwa kizazi kwa nguvu kwa kuwa alikwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenye akili pungufu.

Sasa tazama kifungu chetu kinataka nini kithibitishwe mahakamani. Hakiulizi kama mwanamke aliridhia, wala kama aliweza kuelewa tendo lile. Kinauliza kama yeye ni wa mojawapo ya madaraja hayo mawili ya chini, na kama mshtakiwa alilijua hilo. Kesi ya jambo alilotendewa inageuka mtihani wa akili yake. Akijibu vizuri, akataja siku za wiki na kuhesabu chenji, anajiweka hatarini kupoteza kinga. Akishindwa, sheria inamchukulia kuwa hana kauli yoyote juu ya mwili wake, hata kwa mwenzi aliyempenda mwenyewe.

Kuna wanaohofu kwamba maneno yakiondoka, na ulinzi utaondoka nayo. Hofu hiyo ina msingi, lakini Kenya ilishaonyesha njia nyingine. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inamweka mwenye udhaifu wa akili pamoja na aliyelala, aliyezimia, aliyeleweshwa na mtoto: wote ni watu ambao sheria inawachukulia kuwa wakati ule hawakuwa na uwezo wa kuelewa tendo. Hapo swali linahusu uwezo na wakati. Ajabu ni kwamba kifungu cha 146 kiliendelea kukaa katika Kanuni ya Adhabu kwa miaka mingi baadaye, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kila neno jipya huchakaa. Istilahi ambayo Sheria ya Rosa iliiondoa katika sheria za shirikisho za Marekani mwaka 2010 ilikuwa imeletwa kwa nia njema, kuchukua nafasi ya matusi yaliyotangulia. Kwetu taahira limepita njia hiyohiyo, na leo watoto hutaniana nalo. Nakubali kwamba ulemavu wa akili nalo laweza kuharibika. Ila sheria inayoeleza uwezo wa kuridhia haitegemei sana jina la mtu, na jina likichakaa hubadilishwa bila kosa kuyumba.

Kwa Kenya, isitoshe, jambo hili si la hiari tena. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Uganda nako, Mahakama ya Katiba ilikubali mwaka 2015 kwamba maneno ya kifungu cha 130 yanakiuka utu.

Tanzania, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, inalazimika kuliamua suala hili kifungu kwa kifungu inapozitafsiri sheria zake. Isiishie kwenye cha 137. Ibara ya 5 ya Katiba yake inaruhusu Bunge kumnyima mtu kura kwa kuwa na ugonjwa wa akili, bila kueleza kama ulemavu wa akili umo. Na Kenya, yenye ibara nzuri ya 54, bado katika ibara ya 83 inamzuia kujiandikisha kupiga kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu.