Gutu la Mkuyu

Kisiki ni neno la ardhini. Mti ukishakatwa, kilichobaki kikiwa kimeshika udongo ndicho kisiki, na watembezi wa usiku wanakijua kwa vidole vya miguu. King'oe, kipunguze mizizi, kitie katika nyungu pana ukikuze kiwe bonsai, na neno linaanza kukukimbia. Huwezi kukiita gogo, maana gogo limelala na limekufa. Huwezi kukiita mche, maana mche ni mchanga na hiki kina gome la kikongwe. Ngeli nazo hazisaidii: ki- hutupa kijiti, ji- hutupa jiti, ilhali mkuyu unaotakiwa hapa ni vyote viwili. Kimo shibiri, unene nguzo.

Nguzo nasema kwa maana ya Lamu. Katika biashara ya mikoko ya huko, mti huitwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, hadi banaa. Mkoko mmoja ukiachwa umee hubadili jina kila unaponenepa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, lakini majina yalibaki, na dari za nyumba za mawe bado zimeyabeba. Vyumba vya Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Anayepima mti kwa kiganja kilichouzunguka, si kwa shingo iliyoinuliwa, angeelewa mara moja mkulima wa bonsai anataka nini.

Kwa kitu chenyewe napendekeza gutu. Gutu ni kilichobaki baada ya kukatwa, uwe mkono au mti, na halidai kuwa ardhini. Lina ukali, najua. Afadhali ukali kuliko "mti mdogo", ambao ni uongo.

Tatizo la gutu ni kwamba halina mchongoko: unene wa chini ndio wa juu. Samaki mkunje angali mbichi, nalo limeshakauka, halikunjiki. Dawa ni kukata. Msumeno ukipita, utomvu mweupe hububujika ukingoni mwa gome, hunata vidoleni, kisha huganda. Baada ya wiki kadhaa tumba hutokeza kwenye gome kuukuu, kila moja ndani ya ala yake nyembamba. Jani likifunguka ala hudondoka na kuacha alama ya pete kwenye kitawi. Chipukizi moja huachwa lirefuke na kunenepa, hukatwa karibu na shina, na jipya linalotoka hapo hufanywa vivyo hivyo. Kila pingili huwa nyembamba kuliko iliyotangulia. Hiyo ni kazi ya miaka, na anayeharakisha hupata rungu lenye majani.

Chini kidogo huachwa tawi jingine likimbie ovyo, bila kupogolewa, ili linenepeshe shina. Likimaliza kazi linaondolewa. Hilo ningeliita tawi la kafara, na pwani nzima ingenielewa bila maelezo. Ila mkuyu una ujanja wake. Lichomeke tawi hilo kwenye mchanga wenye unyevu mwanzo wa masika, na kwa kawaida hutoa mizizi. Kafara gani hiyo inayoota? Tena likiwa nene vya kutosha, tayari ni gutu.