Fenolojia: miti ya Nyungwe haina kalenda moja

Fenolojia ni elimu ya nyakati za viumbe: mti unachipua lini, unachanua lini, tunda linaiva lini, ndege anajenga kiota lini, na kwa nini iwe wakati huo. Jina alilitoa mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Charles Morren, mwaka 1849, kutoka shina la Kigiriki lenye maana ya kujitokeza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na anayeongoza wageni waliovuka kutoka Bukavu, Kongo, kuja kuona msitu wa Nyungwe hana budi kupata namna ya kulisema.

Njia ya mkato ni "elimu ya misimu". Siikubali. Msimu ni habari ya anga. Watu wa wilaya ya Rusizi wana itumba, mvua za Machi hadi Mei, na impeshyi, ukavu wa Juni hadi Agosti, na kwa mwenye shamba la maharage hesabu hiyo yatosha. Ingia msituni uone inavyovurugika.

Chukua mikuyu ya Cyamudongo, kipande cha msitu kilichobaki peke yake wilayani Rusizi, mbali kidogo na Nyungwe yenyewe. Kila mkuyu huzaa kwa zamu yake. Maua yake yamefichwa ndani ya kuyu, na huchavushwa na nyigu wadogo mno ambao wakishakomaa hawaishi zaidi ya siku chache. Nyigu akitoka kwenye kuyu moja sharti akute mti mwingine ulio tayari kumpokea. Mikuyu yote ikizaa pamoja, nyigu wamekwisha, na mikuyu itafuata. Sokwe wa Cyamudongo ndio wanaonufaika, maana hata matunda mengine yanapoadimika huenda kuna mkuyu mahali fulani unaozaa.

Kinyume chake ni Sericostachys scandens, mmea unaopanda juu ya miti mingine, Nyungwe na hata Kahuzi-Biega ng'ambo ya Kongo. Hukaa miaka mingi bila ua. Kisha mingi huchanua kwa pamoja, humwaga mbegu, na kufa. Huo utauita msimu gani?

Hata chozi, ndege wa asali ya maua, hawaangalii tarehe. Huhamia panapochanua: leo vichaka vya juu kwenye mlima Bigugu, penye erika, kesho kwenye lobelia za bondeni.

Kwa hiyo napendekeza "fenolojia" ibaki kuwa jina la elimu, na kinachochunguzwa kiitwe "nyakati za viumbe". Hatua zenyewe hazihitaji neno la mkopo. Tangu miaka ya 1990 watafiti Nyungwe wamekuwa wakirudi kila mwezi kwenye miti ileile, wakitazama juu kwa darubini na kuandika kwenye fomu hali ya majani, maua na matunda. Fomu kama hiyo hujaa kwa maneno ya mkulima: jani changa, ua, tunda bichi, tunda bivu. Ua ambalo halijafunguka Kiswahili huliita tumba, neno zuri, ila msikilizaji wa Kamembe, huko Rusizi, akilisikia ataelewa itumba, yaani masika. Kwake heri kusema "ua lililofumba".