Kutoka Kicheza CD hadi Strima

Kigeuzi ni saketi inayobadili tarakimu za muziki kuwa umeme wa kulisha amplifaya. Kilianza kuenea majumbani Oktoba 1982, Sony ilipotoa kicheza CD chake, CDP-101, nchini Japani. CD huhifadhi vipimo 44,100 vya sauti kwa sekunde katika kila chaneli, kila kipimo kikiwa cha biti 16. Sony walitumia kigeuzi kimoja cha biti 16 kilichohudumia kushoto na kulia kwa zamu, hivyo upande mmoja ulichelewa kwa takribani sehemu 11 za milioni za sekunde. Philips, washirika wao, walikuwa na saketi za biti 14 tu, lakini walizidisha kasi ya vipimo mara nne. Mbinu hiyo ilisukuma kelele nje ya masafa ya sikio na kuruhusu kichujio chepesi zaidi. Kihandisi, Philips ndio walioona mbali: kuzidisha kasi kukawa desturi ya viwanda.

Baadaye katika miaka ya 1980, kigeuzi kikaanza kuuzwa katika kasha lake. Strima, yaani kifaa kinachovuta muziki kutoka kwenye kompyuta au intaneti, ilifuata. Slim Devices ya Marekani ilitoa SliMP3 mwaka 2001, kisha Squeezebox. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006 na kuachana na Squeezebox mwaka 2012, hasara kubwa kwa wasikilizaji wa kipato cha kawaida. Linn ya Scotland ilitoa strima ya bei ghali, Klimax DS, mwaka 2007. Mwaka 2009 ikatangaza kuacha kutengeneza vicheza CD.